Gesi hiyo jana ilikuwa na kazi gani?

Tangu nilipogusia hidrojeni ya mabaki ya viwandani, yaani ile inayoweza kutolewa kwenye gesi zinazobaki kiwandani ikatumika kama nishati, maswali hayajakoma. Wapo walioiona kama mgodi ambao hakuna aliyeuchimba, na wapo walioona ni ujanja wa wenye viwanda kujipaka rangi. Ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno. Lakini hata chungu hujiuliza kama ganda lile lina utamu uliobaki au limeshatafunwa likaisha. Nimechagua maswali kadhaa na kuyafupisha. Yaliyouliza jambo lilelile nimeyafanya moja.

SWALI: Hidrojeni kwenye moshi inatoka wapi? Shuleni tunafundishwa kwamba moshi ni kaboni dayoksaidi, mvuke na masizi. (Mwanafunzi wa sekondari)

Umefundishwa sawasawa, ila hapa kuna vitu viwili na watu wengi huviita kwa jina moja. Moshi ni kitu kilichokwisha kuungua. Nguvu yake imeshatoka, na kuutafutia hidrojeni ni sawa na kutaka kuwasha majivu. Gesi ninazozizungumzia mimi hazijaungua, au zimeungua nusu njia.

Mfano mzuri ni kiwanda cha chuma kinachotumia makaa ya mawe. Kwanza makaa huokwa yawe koki, yaani makaa magumu yaliyokwisha kutolewa gesi. Huwekwa kwenye vyumba virefu vyembamba visivyopitisha hewa, vikapashwa hadi nyuzi 1,000 na zaidi kwa muda wa saa 15 hadi 20 hivi. Kwa kuwa hakuna hewa, makaa hayaungui, yanatoa jasho. Jasho hilo ni gesi, na asilimia 55 hadi 60 ya gesi hiyo ni hidrojeni. Robo hivi ni methani, na kaboni monoksaidi ni kama asilimia 5 hadi 8. Baadaye koki inaingia kwenye tanuru refu pamoja na mawe ya chuma, na juu ya tanuru inatoka gesi nyingine, maskini zaidi: nusu yake ni nitrojeni ya hewa iliyopulizwa, kaboni monoksaidi ni kati ya asilimia 20 na 28, kaboni dayoksaidi inakaribia kiasi hichohicho, na hidrojeni ni asilimia chache tu. Mwisho, chuma kilichoyeyuka kinapopulizwa oksijeni kiwe feleji (chuma kigumu), inatoka gesi ya tatu, ambayo sehemu yake kubwa ni kaboni monoksaidi.

Hilo la gesi ya makaa si jipya hata kidogo. William Murdoch aliangaza nyumba yake kule Redruth, Uingereza, kwa gesi ya makaa mwaka 1792, na kuanzia 1812 London ikawa na kampuni ya kusambaza gesi hiyo mitaani. Karibu nusu yake ilikuwa hidrojeni. Kwa hiyo hidrojeni iliwasha taa za barabarani kabla balbu haijazaliwa. Sisi ndio tumeanza kuiita nishati ya kesho.

SWALI: Mimi ni fundi wa mitambo. Gesi imechanganyika na vitu saba au nane. Hidrojeni peke yake utaitoaje humo?

Wewe utaelewa nikikwambia kwamba kazi ngumu ipo kabla ya kutenganisha. Gesi ya tanuri la koki inatoka ikiwa na lami, benzini, amonia, salfa na naftalini. Naftalini ni ileile ya vidonge vyeupe vinavyowekwa kabatini kufukuza nondo. Gesi ikipoa bombani, naftalini inaganda kama chumvi nyeupe ndani ya bomba, kwenye valvu, kwenye kila kona yenye ubaridi. Ukifungua bomba la gesi hiyo kwa matengenezo, harufu inayokupokea ni ya kabati la nguo za bibi. Mitambo mingi mizuri kwenye karatasi imekwamishwa na chumvi hiyo.

Gesi ikishaoshwa, hukandamizwa na kompresa. Hapo umeme unaliwa, kwa sababu gesi ya koki hutoka ikiwa na mgandamizo unaokaribia ule wa hewa tunayovuta. Kisha inaingizwa kwenye minara iliyojazwa punje za zeolaiti (madini yenye vitundu vidogo mno) na mkaa maalumu wa kunyonya gesi. Chini ya mgandamizo mkubwa, methani, kaboni monoksaidi na nitrojeni zinanata kwenye punje. Hidrojeni, ambayo ni ndogo na haina tabia ya kunata, inapita. Punje zikishiba, mgandamizo unashushwa, vilivyonata vinaachia na kutoka, na mnara unaanza upya. Minara inapokezana, minne au zaidi, mmoja ukila na mwingine ukitapika. Ukisimama karibu unasikia valvu zikifunguka na kufunga kila baada ya muda mfupi, pshii, pshii, usiku na mchana. Ni valvu hizo zinazochoka kwanza, si punje.

Kwa njia hiyo unapata hidrojeni yenye usafi wa hadi asilimia 99.999, lakini huipati yote. Sehemu ya kumi hadi robo inaondoka na gesi ya mkiani, ile inayoachwa na minara, ambayo hurudishwa kuchomwa. Na usafi si pambo. Kiwango cha kimataifa cha hidrojeni ya magari, ISO 14687, kinadai kaboni monoksaidi isizidi sehemu 0.2 katika milioni, na salfa yote isizidi sehemu 0.004 katika milioni. Seli ya mafuta, yaani kile kifaa kinachogeuza hidrojeni kuwa umeme, inalishwa sumu na chembe ambazo pua ya binadamu haizioni kabisa. Ukimuuzia mwenye kiwanda cha amonia, vipimo vinabadilika, maana kila mnunuzi ana sumu anayoiogopa.

Kwa gesi ya tanuru refu, minara hii peke yake haifai. Kukandamiza mita za ujazo mia moja ili uokote tatu za hidrojeni ni kupoteza umeme.

SWALI: Mbona mnasema kaboni monoksaidi inazaa hidrojeni wakati ndani yake hamna hidrojeni hata chembe?

Kweli hamna. Hidrojeni inatoka kwenye maji. Kaboni monoksaidi ni kitu chenye njaa ya oksijeni. Ikikutana na mvuke juu ya kichocheo (kitu kinachoharakisha badiliko bila chenyewe kwisha), inaipokonya maji oksijeni yake, yenyewe inakuwa kaboni dayoksaidi, na hidrojeni inaachwa huru. Kichocheo cha chuma na kromiamu hufanya kazi kwenye nyuzi 350 hadi 450. Kile cha shaba na zinki kwenye nyuzi 200 na kidogo, ila hakivumilii salfa.

Tupige hesabu. Kilo 14 za kaboni monoksaidi na kilo 9 za maji zinatoa kilo 1 ya hidrojeni na kilo 22 za kaboni dayoksaidi. Kilo 22 zinatisha, lakini ngoja: ungezichoma zile kilo 14 tu kwenye tanuri, ungetoa kilo 22 zilezile. Kwenye bomba la moshi hakijabadilika kitu. Kilichobadilika ni kwamba kilo 14 zile zilikuwa na joto la megajuli 141 hivi, na sasa unayo hidrojeni yenye megajuli 120. Umelipa nauli ya megajuli 21, ukapata kitu kinachosafiri na kinachofanya kazi ambazo kaboni monoksaidi haiziwezi.

Kuna njia nyingine inayojaribiwa, na nakiri inanivutia kwa akili yake. Chukua sahani nyembamba ya kauri yenye joto la mamia ya nyuzi. Upande mmoja pitisha mvuke, upande wa pili gesi ya tanuru. Oksijeni ya mvuke inapenya kauri ikiwa na chaji, inavutwa na njaa ya gesi iliyo ng'ambo, na kule inaichoma kaboni monoksaidi polepole bila moto. Upande wa mvuke unabaki na hidrojeni na maji. Ukipoza, maji yanadondoka. Hidrojeni haikugusana na ule uchafu hata sekunde moja, na msukumo wote umetoka kwenye gesi yenyewe badala ya umeme wa nje. Tatizo ni kauri. Haipendi kupashwa na kupozwa mara kwa mara, na viwanda vya chuma havijui kutulia.

SWALI: Kama gesi ni taka, basi hidrojeni yake haina hewa ukaa kabisa. Mbona mnaizungushia maneno mengi? (Msomaji mwenye haraka, kwa maneno yake mwenyewe)

Ndugu yangu mwenye haraka, hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri, kwa hiyo utanivumilia.

Neno "taka" ndilo linalotudanganya. Gesi ya kiwandani mara nyingi haitupwi. Inachemsha maji ya mitambo, inapasha hewa ya tanuru, inapasha moto vyuma kabla ya kubanwa, inazungusha jenereta. Kwa hiyo mtu akikuletea hidrojeni ya "gesi taka", muulize swali moja: gesi hiyo jana ilikuwa na kazi gani? Na kazi hiyo leo inafanywa na nani?

Kilo moja ya hidrojeni ina megajuli 120 za joto. Ukiitoa kwenye gesi ya koki, umeuondolea mtambo fulani megajuli 120. Mtambo hautakubali kulala na njaa. Ukiulisha gesi asilia badala yake, utatoa karibu kilo 6.7 za hewa ukaa, yaani kaboni dayoksaidi. Ukiulisha makaa ya mawe, kilo 11 na zaidi. Sasa linganisha: hidrojeni ya kawaida inayotengenezwa kwa gesi asilia na mvuke hutoa kilo 9 hadi 10 za hewa ukaa kwa kila kilo. Yaani unaweza kuchukua "taka", ukaisafisha kwa mitambo ya kisasa, ukaipa jina zuri, na bado ukawa umechafua kuliko yule wa njia ya zamani. Umoja wa Ulaya unataka hidrojeni ya kaboni kidogo isizidi kilo 3.38, Uingereza imejiwekea kama kilo 2.4. Ukijaza pengo kwa gesi asilia, umeshashindwa kabla hujawasha kompresa.

Upande wa pili upo mwenge, ule mnara unaochoma gesi ya ziada hewani. Gesi iliyokuwa ikichomwa huko haikuwa na kazi. Ukitoa hidrojeni humo, hakuna aliyepungukiwa, na unachodaiwa ni umeme wa kompresa na pampu tu. Hapo ndipo neno taka linastahili.

Katikati ya hayo mawili kuna hali ya tatu, na mimi naiona kuwa ndiyo yenye utajiri. Tuseme gesi ilikuwa inazungusha jenereta ya kiwanda. Mitambo ya aina hiyo hugeuza asilimia 35 hadi 40 tu ya joto kuwa umeme. Kwa hiyo kilo moja ya hidrojeni, ikichomwa humo, inazaa kama uniti 12 au 13 za umeme. Ukiliziba pengo hilo kwa umeme wa jua, upepo au maji, uniti 13 zinakukomboa kilo nzima ya hidrojeni. Kuitengeneza kilo hiyohiyo kwa kupasua maji kwa umeme kunakula uniti 50 hadi 55. Ongeza chache za kompresa, bado umebaki mbali na 50. Hata kama gesi ilikuwa inatoa joto la moja kwa moja na ukalazimika kulirudisha lote kwa umeme, ni uniti 33.

Lakini hesabu hiyo inasimama pale tu umeme wa kuziba pengo ukiwa safi kweli. Ukiuchota kwenye gridi ya makaa ya mawe, ambako kila uniti inakuja na karibu kilo moja ya hewa ukaa, umerudi kwenye kilo 12 au 13.

Wanaotunga sheria wameanza kulielewa hili. Kanuni za Ulaya za mwaka 2023 kuhusu nishati zinazotokana na gesi za viwandani zinamtaka mzalishaji ahesabu pia uchafu unaotokana na kuihamisha gesi kutoka kazi yake ya awali. Ni kurasa za kusinzia, lakini kifungu hicho ndicho kinachotofautisha hesabu na matangazo.

SWALI: Basi hii tuiite hidrojeni ya rangi gani? Kijivu, bluu, kijani?

Hidrojeni haina rangi; hizo ni lakabu tu za namna ilivyotengenezwa. Ya mabaki imewahi kuitwa nyeupe na baadhi ya watu, na wengine wakalichukua jina hilohilo kwa ile inayopatikana ardhini. Nipe kilo za hewa ukaa kwa kila kilo, rangi ubaki nazo.

SWALI: Nafanya kazi kiwanda cha klorini. Sisi hidrojeni yetu ni safi na hatujawahi kuiita taka. Tumo kwenye mjadala huu?

Mmo, tena nyie ndio mna raha. Umeme unapopitishwa kwenye maji ya chumvi, klorini inatoka upande mmoja, hidrojeni na magadi makali (soda kostiki) upande wa pili. Kila tani moja ya klorini inakuja na kilo 28 hivi za hidrojeni, karibu safi kabisa, bila lami wala naftalini. Kule Hürth, karibu na Köln, Ujerumani, hidrojeni ya mabaki ya viwanda vya kemikali imekuwa ikijazwa kwenye mabasi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010. Daesan, Korea Kusini, kituo cha seli za mafuta cha megawati 50 kilianza kazi mwaka 2020 kwa hidrojeni inayobaki kwenye viwanda vya petrokemikali vya jirani.

Swali la jana na leo linawahusu hata nyie, maana viwanda vingi vya klorini huchoma hidrojeni hiyo kupata mvuke. Na kiasi chake hamkipangi nyie. Soko la klorini likilala, hidrojeni nayo inalala.

SWALI: Kiwanda cha kusafisha mafuta kinatoa gesi ya salfa inayonuka mayai viza. Nimesikia hiyo nayo ina hidrojeni.

Jina lake tu linasema: hidrojeni salfaidi. Tani moja ina kilo 59 za hidrojeni. Na hapa kuna kichekesho ambacho wahandisi wamekizoea hadi hawakicheki tena. Kiwanda kinatengeneza hidrojeni kwa gharama, na hewa ukaa juu yake. Kinaitumia kung'oa salfa kwenye dizeli, ndipo inazaliwa hiyo hidrojeni salfaidi. Kisha gesi hiyo inapelekwa kwenye mtambo wa Claus, njia iliyobuniwa karne ya 19, ambako salfa inatoka ikiwa ya manjano na inauzika, na hidrojeni yote inageuka kuwa maji. Kimeinunua kwa mkono wa kulia, kimeimwaga kwa mkono wa kushoto.

Kuipasua gesi hiyo kunadai nguvu kidogo mno ukilinganisha na maji: kwenye karatasi ni kama sehemu moja kwa kumi na nne. Kinachokwamisha ni kwamba bila joto la nyuzi 1,000 au zaidi, sehemu ndogo tu ndiyo inayopasuka, na ukipoza taratibu, hidrojeni na salfa zinarudiana kama wapenzi walioachana kwa hasira. Watafiti wanajaribu vichocheo, tando na plazma ili kuzitenganisha kabla hazijarudiana. Mimi ningeifuatilia kwa makini, maana Claus haipotezi tu hidrojeni; inapoteza hidrojeni iliyokwisha kulipiwa.

SWALI: Hidrojeni inalipuka. Meli ya anga ya Hindenburg iliua watu. Hamuoni ni hatari kuizalisha katikati ya kiwanda chenye moto kila kona?

Hindenburg iliwaka mwaka 1937, ikaua 35 kati ya watu 97 waliokuwamo na mmoja aliyekuwa chini. Hofu yako ina msingi. Hidrojeni inawaka ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 ya hewa, na cheche ya nguo ya nailoni inatosha kuiwasha. Ndimi za moto wake mchana hazionekani. Zamani, kabla ya vifaa vya kuhisi moto, wafanyakazi walitembea wakiwa wamenyoosha ufagio wa majani mbele yao kwenye eneo lenye wasiwasi. Ufagio ukishika moto, umejua pa kusimama.

Ila nikisimama kwenye kiwanda cha chuma, ninachokiogopa zaidi ni malighafi. Kaboni monoksaidi haina rangi, haina harufu, nayo haipai upesi kama hidrojeni. Hewa yenye asilimia moja tu inaua kwa dakika chache, na gesi ya tanuru refu ina zaidi ya asilimia 20. Hidrojeni salfaidi ni mjanja zaidi: inanuka ikiwa kidogo, ikifika kama sehemu 100 katika milioni inaua pua, na unadhani imeondoka. Ndiyo maana mtu wa kazi hiyo huvaa kipimo kifuani, karibu na pua, hakiachi mfukoni. Hatari hizi hazikuletwa na mtambo wa hidrojeni. Zimekuwapo kiwandani miaka mingi. Mtambo mpya unaongeza viungio, na kila kiungio kinaweza kuvuja.

Kuvuja kwenyewe kuna gharama nyingine isiyotajwa sana. Hidrojeni inayotoroka hewani inarefusha maisha ya methani iliyomo angani, na kwa miaka 100 kilo moja yake inapasha dunia karibu mara 11 ya kilo moja ya hewa ukaa.

SWALI: Huku si kuyapa makaa ya mawe umri mpya? Tanuri la koki lililopaswa kufungwa litaambiwa sasa ni kisima cha hidrojeni.

Inawezekana kabisa, na nimeshasoma mipango yenye harufu hiyo. Mtambo wa kusafisha gesi unajengwa ili ulipe kwa miaka 15 au 20. Ukiufunga kwenye tanuri la koki lililobakiza miaka minane, ama utapata hasara, ama utaanza kutafuta sababu za tanuri kuishi.

Tena usidhani gesi ya koki itakiokoa kiwanda cha chuma. Kutengeneza tani moja ya chuma kwa hidrojeni badala ya koki kunahitaji hidrojeni kilo 54 hivi kwa hesabu ya kikemia tu. Tani hiyohiyo, kwa njia ya zamani, inakula koki kama kilo 400, na gesi ya koki hiyo ina hidrojeni kilo 8 au 9. Haifiki hata moja ya tano. Mradi wa HYBRIT wa Sweden, ulioanza kutoa chuma cha hidrojeni kule Luleå mwaka 2021, hautegemei tanuri la koki. Hidrojeni yake inatoka kwenye maji na umeme.

Mimi msimamo wangu ni huu: mahali ambapo tanuri lipo na litakuwapo kwa sababu zake lenyewe, kuchoma hidrojeni kwenye mwenge ni uzembe. Lakini mtu akinijia na hoja ya kujenga tanuri jipya la koki kwa ajili ya hidrojeni, nitamrudishia karatasi zake. Matanuri ya saruji na ya vioo hayana gesi ya namna hii. Yanatoa moshi ulioungua, kwa hiyo hayamo kwenye mazungumzo haya kabisa, ingawa nimeona yakichomekwa.

SWALI: Mimi ni meneja wa kiwanda chenye mwenge unaowaka kila siku. Nianzie wapi kabla sijaongea na wauza mitambo?

Anza na mita. Mwenge mkubwa unaouona jioni unaweza kuwa umewaka dakika 20 tu, kisha ukazima. Gesi ya kupuliza oksijeni kwenye chuma, kwa mfano, inakuja kwa mafuriko ya dakika 15 hadi 20 na kukatika, na ndiyo sababu viwanda hujenga matangi makubwa yenye paa linalopanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala. Pima wingi na mchanganyiko wa gesi yako kila saa, mwaka mzima, pamoja na siku za matengenezo na siku za hitilafu. Kisha chora mstari wa kiwango ambacho gesi haishuki chini yake kwa saa nyingi za mwaka. Mtambo wako usizidi mstari huo, hata muuzaji akikuonyesha kilele.

Jambo la pili ni mnunuzi, na awe karibu. Mita moja ya ujazo ya hidrojeni, kabla ya kukandamizwa, ina gramu 90 hivi. Lori la mitungi ya chuma lenye tani 40, likijazwa kwa mgandamizo wa baa 200, hubeba hidrojeni kilo 300 au 400. Mzigo uliobaki ni chuma. Kwa hiyo kabla ya kufikiria magari na bandari, angalia ukutani. Nyuma ya ukuta wako kunaweza kuwa na kiwanda cha amonia, cha methanoli, cha vioo bapa au cha kugandisha mafuta ya mimea, kinachonunua hidrojeni ya gesi asilia kila siku. Bomba la mita mia tano kati yenu litafanya kazi kuliko malori hamsini. Mwulize anatumia kiasi gani usiku wa manane, maana gesi yako hailali.